Ngazi Ambazo Mshairi Hakuziandika

Maoni kuhusu mchoro wangu yalikuwa mafupi. "Kazi nzuri. Ila hizi ngazi zimetoka wapi? Hazimo kwenye hadithi."

Ilikuwa saa nne usiku na umeme ulikuwa ndio kwanza umerudi. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya jikoni na tableti yangu. Nachora picha za vitabu, ndiyo kazi inayonilisha. Hadithi niliyokuwa nayo ni ya mapenzi ya vijana: binti anauza maandazi kila asubuhi kituo cha daladala, na kijana ambaye baba yake ana malori. Kwenye ukurasa niliopewa wanakutana nje ya lango la nyumba ya akina kijana. Lango basi. Mwandishi hakutaja kitu kingine.

Nikairudia rasimu. Kweli, ngazi zilikuwepo. Nilizihesabu: saba, za vigae. Kijana amesimama juu kabisa, binti yuko chini na beseni lake, ameinua uso anamtazama.

Sikukumbuka kuamua kuzichora.

Nilijibu "nitaziangalia", nikafunga tableti, nikalala. Wiki tatu baadaye nilikuwa bado sijazigusa. Nilizifuta mara mbili na mara mbili nikazirudisha. Bila ngazi picha ilikuwa ya vijana wawili wanaoongea, na mtu asingejua shida iko wapi. Nikiziweka, nahisi kama nimemtukana yule binti.

Halafu nikakumbuka kwamba ugomvi huu si wa kwangu peke yangu. Uliwahi kutokea London, zaidi ya miaka 160 iliyopita, karibu kwa maneno yaleyale.

Mistari kumi na sita

Mwaka 1842 Alfred Tennyson alichapisha shairi fupi kuhusu mfalme Cophetua na binti ombaomba. Lina mistari 16 tu. Binti anafika mbele ya mfalme miguu mitupu, mikono ameikunja kifuani. Mfalme, na joho lake na taji lake, anashuka kumlaki. Wakubwa wa baraza wanamsifu: mmoja vifundo vya miguu, mmoja macho, mmoja nywele. Mfalme anakula kiapo kwamba huyu ombaomba atakuwa malkia wake. Shairi limekwisha.

Binti hasemi hata neno moja.

Mwaka 1857 mchapishaji Edward Moxon alitoa mashairi ya Tennyson katika kitabu cha fahari, chenye picha za wachoraji waliokuwa wakizungumzwa sana wakati huo: Millais, Rossetti, William Holman Hunt. Hunt ndiye aliyepewa Cophetua. Akachora ngazi.

Tennyson hakupendezwa. Alimuuliza Hunt ngazi zile zimetoka wapi, kwa sababu yeye hakuwa ameandika ngazi ndefu. Hunt akajitetea. Alisema sanaa zao mbili zina mahitaji tofauti, kwamba mchoraji analazimika kuonyesha mwanzo na mwisho wa jambo katika picha moja, wakati mshairi halazimiki. Tennyson akashikilia kwamba mchoraji afuate maneno ya mshairi.

Mwanzoni nilikuwa upande wa Tennyson kabisa. Nilimsoma na aibu yangu mkononi. Nikajiambia: umeona, hata bwana mkubwa alisema, usiongeze umbali ambao mwandishi hakuuweka.

Lakini nikalisoma tena shairi, nikasimama kwenye neno moja: akashuka.

Mtu hashuki pasipo na juu. Umbali wote ambao Tennyson aliukataa kwenye picha upo ndani ya kitenzi chake mwenyewe, ila umekunjwa ukawa mdogo hadi msomaji anauvuka bila kuinua mguu. Mfalme alikuwa juu, sasa yuko chini, tumeshafika kwenye kiapo. Mchoraji hana kitenzi cha kufanyia hivyo. Akitaka mfalme ashuke, lazima achore mahali pa kushukia, na akishapachora, mimi na wewe tunaweza kuhesabu.

Mfalme wa wapi?

Kuna jambo hapa ambalo nisipolisema litanisumbua.

Wimbo wa zamani ambao hadithi hii ilitoka humo, uliochapishwa Uingereza mapema katika karne ya 17, unaanza kwa kusema kwamba zamani, Afrika, alitawala mfalme aitwaye Cophetua. Afrika. Tennyson alipoitunga upya aliliacha neno hilo nje, na wachoraji wa enzi ya Victoria wakatuchorea mfalme wa ngano za kwao. Tofauti pekee iliyobaki kwenye karatasi ikawa ya mali, joho upande huu na matambara upande ule.

Sidai kwamba Cophetua alikuwa babu yetu. Ni mfalme wa kutungwa. Ninachosema ni kwamba kila anayeshika penseli anachagua umbali gani uonekane na upi usionekane. Wao walichagua. Na mimi nilichagua usiku ule, hata kama mkono ulitangulia akili.

Annie

Kilichonigeuza kabisa ni maisha ya Hunt mwenyewe.

Hunt hakuzaliwa mkubwa. Baba yake alikuwa msimamizi wa ghala London, na yeye alianza kazi ya ofisini akiwa mtoto. Alipopata jina kidogo kwenye uchoraji alimpenda msichana wa Chelsea aitwaye Annie Miller, aliyekulia kwenye umaskini mkubwa na kufanya kazi baa. Annie ndiye aliyekaa mbele yake alipokuwa akichora mchoro wake maarufu wa mwanamke anayeinuka kutoka mapajani mwa bwana aliyemweka kinyumba, dhamiri imemwamka.

Januari 1854 Hunt alisafiri kwenda Misri na Palestina, akakaa huko miaka miwili. Kabla ya kuondoka alipanga Annie afundishwe. Asome. Ajue kuongea, ajue kukaa mezani na watu. Gharama zililipwa na Hunt, na rafiki yake Frederic Stephens akaachiwa usimamizi. Akishaiva, angemuoa.

Ngazi za Cophetua alizichora mpango huo ukiwa bado haujavunjika.

Nilipounganisha haya mawili niliweka simu chini. Sina karatasi ya Hunt inayosema "nilichora ngazi kwa sababu ya Annie", na sitajifanya ninayo. Lakini naijua kazi hii. Najua mkono unavyoleta kitu mezani ambacho mdomo haujakiri. Huyu alikuwa mtu anayelipia ngazi. Kila somo ngazi moja, kila bili ngazi moja, kila sauti inayorekebishwa, kila kijiko kinachoshikwa upya. Kwa Tennyson umbali kati ya mfalme na ombaomba ulikuwa wa kuvukwa kwa neno. Kwa Hunt ulikuwa na hesabu.

Na hesabu hiyo ilikuwa inapandwa na Annie, siyo na yeye.

Aliporudi mwaka 1856 mambo hayakwenda. Annie alikuwa amekaa mbele ya wachoraji wengine, Rossetti akiwemo, jambo ambalo Hunt hakulitaka. Ilipofika 1859 uchumba ukavunjika. Kuhusu ule mchoro wa dhamiri, tajiri aliyeununua alishindwa kuvumilia maumivu yaliyokuwa kwenye uso wa mwanamke, akamwomba Hunt aupake upya. Hunt akaupaka. Uso tunaouona leo siyo ule wa kwanza.

Annie akaolewa mwaka 1863 na kapteni Thomas Thomson, binamu wa lodi. Aliishi hadi 1925. Napenda kulifikiria hilo: msichana wa baa ya Chelsea, bibi kizee wa miaka 90 kando ya bahari, wachoraji wote waliomchora wameshazikwa.

Waliochonga

Kabla sijaenda mbele, niwataje watu ambao majina yao hayapo kwenye jalada.

Picha za vitabu vya wakati ule hazikuchapwa moja kwa moja kutoka mkononi mwa mchoraji. Alichora juu ya kibao cha mti mgumu kilichopakwa weupe, kisha kibao kikapelekwa kwa wachongaji. Wao walikata kila sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe na kuziacha nyuzi za wino zimesimama, nyembamba kama unywele. Mchoro wa asili ulikufa humo humo. Karakana kubwa ya London ilikuwa ya ndugu wa Dalziel, na kibao kilitoka na saini hiyo moja, Dalziel, hata kama aliyeinama juu yake siku nzima alikuwa kijana wa mshahara ambaye hatumjui.

Kwa hiyo mkono wa mfalme, mkono wa lodi, taraza ya nguo ya bibi mkubwa, vyote vilikatwa na wafanyakazi. Mapenzi ya matabaka yalipita kwanza kwenye vidole vyao kabla ya kufika sebuleni kwa wenye vitabu.

Sketi

Januari 1860 lilianza jarida la Cornhill, shilingi moja kwa toleo, na ndani yake riwaya ya Anthony Trollope, "Framley Parsonage". Lucy Robarts ni binti wa daktari aliyefariki, anaishi kwa kaka yake mchungaji. Lord Lufton anampenda. Mama yake Lord Lufton, ambaye ndiye aliyempa kaka mtu huyo kanisa na mkate wake, anamwona Lucy kuwa si wa kiwango.

Wapo watakaosema hapo hakuna tofauti ya tabaka ya kutisha, binti wa daktari si ombaomba. Naomba wakae kidogo na mtu aliyewahi kukalishwa sebuleni na kupimwa kwa macho. Umbali mdogo unauma vilevile, pengine zaidi, kwa sababu unakaribia kufika.

Lord Lufton anamwomba Lucy amuoe. Lucy anakataa, anamwambia hawezi kumpenda. Kisha anakimbilia chumbani, anajitupa kitandani. Alikuwa amesema uongo.

Millais akaichora dakika hiyo kwa toleo la Juni. Ukiitazama, kinachokujia kwanza siyo Lucy. Ni sketi. Sketi pana ya marinda juu ya marinda, imejaa picha kama wingu la mvua, na msichana amebaki kipande kidogo pembeni, kichwa na mikono. Trollope alipoiona alighadhibika. Alimwandikia mchapishaji George Smith kwamba ni kichekesho, na kwamba ni afadhali itolewe kabisa. Baadaye alipoa, akakubali kwamba aliwahi kuiona nguo ya mtindo uleule kabisa. Yeye na Millais wakaendelea kufanya kazi pamoja miaka mingi.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi mwezi huu. Sikubaliani na hasira ya Trollope. Yeye aliona mitindo, mimi naona uzito. Lucy amevaa kiwango chake. Mtu anataka kulia na nguo haimruhusu hata kujikunja. Kila rinda linasema wewe ni binti wa heshima, usikimbie, usitake, usionekane unataka cha wakubwa. Amejitupa, lakini nguo haikujitupa naye. Imesimama.

Na kuna picha moja ninayoitafuta kila nikifungua kurasa hizo, ingawa najua haipo. Mwishoni mwa riwaya Lucy anashikilia kwamba hataolewa mpaka Lady Lufton amtake mwenyewe. Na yule bibi mkubwa, baada ya kupigana na moyo wake, anakwenda kwa Lucy na kumwomba awe mkwe wake. Yaani aliye juu ndiye aliyefanya safari. Millais alichora picha sita za riwaya hiyo. Hiyo hakuichora.

Toroli

La Tess nitalipita haraka, maana linanikera.

Mwaka 1891 Thomas Hardy alitoa "Tess of the d'Urbervilles" kwa awamu kwenye gazeti la picha la The Graphic. Kuna sehemu ambapo njia ya kwenda kanisani imejaa maji, na Angel Clare, mtoto wa mchungaji, anawabeba mikononi wasichana wanne wanaokamua ng'ombe, mmoja mmoja, ili tu ifike zamu ya Tess. Gazeti likaona hiyo imezidi. Hardy akalazimika kubadilisha: Angel akawavusha kwa toroli.

Toroli! Kitabu kilipotoka kamili mikono ilirudishwa. Lakini kwa wasomaji wa gazeti, kati ya mwili wa mtoto wa mchungaji na mwili wa mkamuaji kulikuwa na chombo cha kubebea samadi.

Chaki na pembe

Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa na wachoraji wote, mimi nikiwemo, nilipomkumbuka mchoraji mmoja ambaye hayumo katika orodha ya mtu yeyote. Jane Eyre.

Riwaya ya Charlotte Brontë ilitoka mwaka 1847 bila picha. Mwaka uliofuata W. S. Williams wa kampuni ya Smith, Elder, haohao ambao baadaye walitoa Cornhill, alimshauri aichoree picha mwenyewe, kwa kuwa alijua kuchora. Charlotte akakataa. Alisema hana ustadi huo. Alisema pia anatumaini hakuna atakayehangaika kuwachora watu wake, kwa sababu wengi wao hawana sura za kuvutia, hawafai kwa picha za kupamba.

Lakini ndani ya riwaya, sura ya 16, picha zipo. Jane ni mwalimu wa mtoto katika jumba la Rochester. Ameanza kumpenda tajiri wake. Anasikia habari za Blanche Ingram, mrembo wa ukoo mkubwa, ambaye hajawahi hata kumwona. Usiku huo anajihukumu. Anajipa amri: kesho weka kioo mbele yako, chukua chaki, jichore ulivyo. Usilainishe mstari wowote, usifiche kasoro. Chini yake andika: picha ya mwalimu wa nyumbani, asiye na ndugu, maskini, asiye na uzuri. Kisha chukua kipande laini cha pembe ya ndovu, changanya rangi zako safi kuliko zote, tumia brashi zako nyembamba kuliko zote, mchore Blanche.

Picha yake ilichukua saa moja au mbili. Ya Blanche ilichukua karibu wiki mbili.

Niliposoma hapo kama mchoraji, siyo kama mpenzi wa riwaya, nilitetemeka. Hakuna ngazi. Hakuna joho wala matambara. Tofauti imehamia kwenye vifaa: huyu karatasi na chaki, yule pembe ya ndovu. Huyu saa mbili, yule siku kumi na kitu. Jane anajua kitu ambacho kila anayefanya kazi kwa mkono anakijua, kwamba muda unaotumiwa juu ya mtu ndio cheo chake.

(Na ile pembe! Miaka ileile riwaya inaandikwa, meli zilikuwa zikipakia pembe Unguja kupeleka Bombay, Salem na London, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara kwa miguu, miezi na miezi. Vibao laini walivyochorewa mabibi wa Uingereza vilikuwa na watu wetu nyuma yake. Kuna ngazi nyingine hapo chini ambayo haikumfikia Jane.)

Jane alijichora ili ajiponye. Alitaka ushahidi wa macho kwamba haiwezekani. Na picha ile ilimsaidia, anasema hivyo mwenyewe: ilimpa nguvu ya kutulia. Nilikaa na hilo siku kadhaa. Mpaka wakati huo nilidhani kuchora umbali ni kuujenga. Jane alichora umbali ili apate mahali pa kusimama.

Vigae

Jumapili moja niliamka na jibu la yale maoni, nikaona jinsi nilivyokuwa nikilizunguka.

Nilifungua kabati, nikatoa albamu ya harusi yetu. Ukurasa wa nne. Nje ya ukumbi, kwenye ngazi. Vigae vya rangi ya kahawia, vilevile.

Ngazi saba.

Mume wangu anatoka kwenye familia iliyojaaliwa. Baba mkwe ana biashara, na nyumba yao ina geti la umeme. Mimi mama yangu alikuwa mama ntilie, alinisomesha kwa wali maharage. Sisemi haya kwa kulalamika, wakwe zangu wamenipokea vizuri na sina deni nao. Lakini siku ile mpiga picha alitupanga. "Hawa wapande juu, hawa wabaki hapa, picha ikae vizuri." Hakuwa na nia mbaya. Aliangalia nguo, akapanga kwa nguo. Suti na leso za kichwa za bei zikawa juu. Vitenge vya Morogoro vikawa chini. Mimi na mume wangu katikati, na gauni langu limemwagika hadi chini.

Ngazi ya mwisho, pembeni, yuko mama. Watu wote wanaitazama kamera. Mama ameinamisha kichwa.

Miaka tisa nimeruka ukurasa huo. Kila nilipoufikia niliona jambo moja tu, kwamba mama yangu aliona aibu siku ya harusi yangu. Kwamba alijua alipopangwa, akakubali. Wageni walipotazama picha zile na kuniuliza "mama yako yuko wapi?", nilionyesha haraka na kufungua ukurasa mwingine.

Hunt alichora ngazi alizokuwa akizilipia. Mimi nilichora ngazi za kumwacha mama chini.

Mama

Alikuja wiki hiyohiyo, kliniki ya macho. Jioni tumekaa, anachambua mchicha, mimi na albamu mapajani. Nilijitahidi sauti isitetemeke.

"Mama, hapa ulikuwa unaona aibu?"

Akanyoosha mkono, akaisogeza picha mbali kidogo kama anavyofanya siku hizi.

"Aibu ya nini?"

"Umeinama."

Akaangalia tena. Kisha akasema kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Si gauni lako, mwanangu. Lilikuwa limefika hapa chini, na vile vigae wametoka kuvimwagia maji. Ningekanyaga ungeanguka mbele za watu. Nilikuwa naangalia miguu."

Akarudi kwenye mchicha wake.

Sikujibu. Miaka tisa. Nilikuwa nimemsoma mama yangu kama wakubwa wa baraza la Cophetua walivyomsoma yule binti, kutoka juu, vifundo vya miguu na macho na nywele. Sikuwahi kuuliza anatazama nini. Wote waliokuwa juu walitazama kamera. Yeye peke yake ndiye aliyejua ngazi zina maji.

Baadaye, nilipokuwa naosha vyombo, nilimwachia tableti mezani ikiwa wazi kwenye rasimu. Nilimsikia akicheka kidogo, kisha akaniita.

"Huyu mtoto wa maandazi ni wa kitabu?"

"Ndiyo mama. Wanasema niondoe ngazi."

"Kwa nini uziondoe? Nyumba zao si ndivyo zilivyo." Akagusa kioo kwa kidole chenye alama ya kisu, pale kwenye uso wa binti, ule uso nilioupandisha juu kumtazama kijana, ambao nilitumia jioni nzima kuupata. "Ila huyu ataanguka. Ana beseni mkononi na hatazami anapokanyaga."

Nikafuta mikono, nikakaa, nikachukua kalamu, nikaanza na shingo.